Gati Lielealo: Namna Liundwavyo ili Kuwaokoa Watu Siku ya Hatari

Mvua inyeshapo Chepseon, maji yake hayakai Chepseon. Huteremka makorongoni na katika vijito, hupita kando ya mashamba ya chai, huingia katika mito ya nchi ya Kericho, na mwisho hulifikia Ziwa Victoria kwa njia ya Nyando au ya Sondu. Mito mingine ya upande wa Bomet hufuata njia ya Mara na kulifikia ziwa lilo hilo katika nchi ya Tanzania. Kwa hiyo mtu wa milimani, ambaye pengine hajapanda feri hata siku moja, ana uhusiano na ziwa kuliko anavyodhani. Maji ayaonayo yakipita shambani mwake ni sehemu ya yale yanayofurika katika uwanda wa Kano, na kuongeza kimo cha ziwa mahali ambapo watu wengine hupandia na kushukia vyombo.

Uhusiano huo una upande wa pili. Watu wa nchi ya chai wana watoto, ndugu na wateja wao Kisumu, Mbita, katika visiwa vya Rusinga na Mfangano, na hata Mombasa. Wasafiripo huko, mara nyingi hutegemea kivuko. Yafaa basi nao wafahamu jambo ambalo huonekana dogo mpaka siku ya hatari ifike, yaani mahali pa kukanyagia mtu atokapo chomboni. Chombo kinaweza kuwa kizima, na nahodha hodari, lakini kama hapana mahali salama pa kushukia, safari haijakwisha. Dawa moja ya shida hiyo ni gati lielealo. Hapa chini yaelezwa ni kitu gani, hutengenezwa kwa hesabu gani, na linahitaji kutunzwaje.

MAJI HAYAKAI KIMO KIMOJA

Gati la kawaida hujengwa kwa mawe, zege au nguzo zilizopigwa chini ya maji. Sakafu yake haisogei. Mjenzi huchagua kimo kimoja, na tangu siku ile gati hukaa hapo. Lakini maji hayakubali kukaa mahali pamoja.

Mvua kubwa za mwaka 1961 zilianza kuliinua Ziwa Victoria, na kufikia 1964 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Baadaye likashuka, hata mwaka 2006 maji yalikuwa chini kiasi ambacho watu wazima wengi hawakupata kukiona. Kisha, kati ya mwisho wa 2019 na Mei 2020, likapanda tena kwa zaidi ya mita 1, likafika kimo cha 1964. Tofauti kati ya mwaka 2006 na 2020 ilikuwa karibu mita 3. Gati lililojengwa kwa kimo cha 2006 lilizama mwaka 2020. Na gati ambalo lingejengwa kwa kimo cha 2020, mwaka 2006 lingalisimama juu mno, abiria akalazimika kuruka kama arukaye kutoka paa la nyumba.

Mwaka 2020 watu wa pwani za ziwa, katika Kenya na Uganda pia, waliona kwa macho yao mialo, maduka na magati yakimezwa na maji. Na ajabu ni kwamba siku zile zile za mafuriko ndizo siku ambazo watu huhitaji sana vyombo, kwa sababu barabara zimekatika. Gati lililozama latoweka saa ile ile linapohitajiwa.

Baharini mabadiliko huja upesi zaidi. Mombasa maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti hupita mita 3. Ziwa huchukua miaka kufanya yale ambayo bahari huyafanya kwa saa sita. Wahandisi hukumbuka tofauti hiyo wanapochora, kama itakavyoonekana mbele.

Gati lielealo halishindani na maji. Ni jukwaa pana lililowekwa juu ya masanduku matupu yasiyoingiza maji, likafungwa lisichukuliwe na upepo, na kuunganishwa na nchi kavu kwa daraja lenye bawaba. Maji yakipanda, nalo hupanda, yakishuka, hushuka. Ukingo wake hukaa karibu na kimo kile kile cha mlango wa feri siku zote, iwe masika au kiangazi.

MAFUNZO YALIYONUNULIWA KWA MAISHA YA WATU

Ajali tatu za Afrika Mashariki zaonyesha kwa nini mahali pa kushukia panahitaji kufikiriwa sana.

Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka huko Mombasa ikiwa karibu sana na nchi kavu. Watu 272 walikufa. Feri hiyo ilikuwa imechukua abiria kupita kipimo chake. Waliokufa hawakuwa katikati ya bahari kuu. Walikuwa mahali ambapo mtu aliyesimama ufukoni angeweza kuwaita kwa majina.

Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu walipotea. Kwa muda tumbo la meli lilibaki likionekana juu ya maji, maana ndani mlikuwa na hewa. Tundu lilipokatwa ili kuwatoa waliokuwa ndani, hewa ikatoka, maji yakaingia, na meli ikazama. Jambo hilo la huzuni lafundisha kanuni ambayo kila mjenzi wa gati lazima aijue: kinachokibeba chombo ni hewa iliyofungiwa, na hewa hiyo yafaa igawanywe katika vyumba vingi, ili tundu moja lisiitoe yote.

Tarehe 20 Septemba 2018, feri ya MV Nyerere ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa gati la kisiwa cha Ukara, katika Tanzania. Zaidi ya watu 220 walikufa. Feri hiyo iliruhusiwa kuchukua abiria 101. Habari za wakati ule zilieleza kwamba abiria walianza kusogea upande mmoja wakijitayarisha kushuka. Siku mbili baadaye fundi mmoja wa feri hiyo alitolewa akiwa hai; alikuwa amepona kwa sababu ya hewa iliyobaki ndani ya chombo kilichopinduka.

Msomaji ataona kwamba katika ajali hizo tatu nchi kavu haikuwa mbali, na mara mbili ilikuwa mbele ya macho. Dakika za mwisho kabla ya kushuka ndizo dakika ambazo watu husimama, hubeba mizigo, na husukumana kuelekea upande mmoja. Kwa hiyo anayechora gati la kuokolea watu hachori kwa ajili ya feri peke yake. Achora kwa ajili ya umati wenye hofu.

MATAIFA MENGINE WALIVYOFANYA

Fikira ya gati lielealo si mpya. Katika Vita Kuu ya Pili, majeshi yaliyotua Normandy, katika Ufaransa, Juni 1944, yalikokota kuvuka bahari bandari mbili nzima zilizotengenezwa Uingereza, zilizoitwa Mulberry. Ndani yake mlikuwa na magati yenye miguu minne mirefu ya chuma iliyosimama juu ya sakafu ya bahari, na jukwaa lililopanda na kushuka katika miguu hiyo kwa kufuata maji. Kutoka hapo mpaka ufukoni palitandazwa barabara ya vyuma juu ya masanduku yaliyoelea. Dhoruba iliyovuma kati ya tarehe 19 na 22 Juni iliivunja bandari moja isiweze kutumika tena. Ya pili, iliyokuwa Arromanches, ilidumu na kufanya kazi kwa miezi mingi. Somo lake ni kwamba kuelea ni nusu ya kazi tu. Nusu nyingine ni kufunga.

Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko la nchi liliupiga mji wa Kobe, katika Japani. Kuta za magati zilisukumwa baharini, ardhi nyuma yake ikabonyea, na barabara na reli zikavunjika. Baada ya msiba huo Wajapani walijenga majukwaa makubwa yaeleayo, yanayoweza kukokotwa na tagi mpaka pwani iliyoharibika na kutumiwa kama gati la kuteremshia misaada na kupakia watu. Nchi ikitetemeka, kitu kielealo hakivunjiki kama ukuta wa zege.

Tarehe 11 Septemba 2001, majumba mawili marefu ya New York yaliposhambuliwa na kuanguka, watu karibu 500,000 waliondolewa kwa feri, tagi na mashua kutoka ncha ya kisiwa cha Manhattan katika muda wa saa tisa hivi. Vyombo havikukosekana. Kilichokosekana mahali pengi kilikuwa pa kupandia. Watu walilazimika kuvuka vyuma vya ukingo na kushuka ukuta wa bahari ili kuingia mashuani, na mabaharia wakawapokea kwa mikono.

Katika Kenya yenyewe, mwezi wa Januari 1, 2021, lilifunguliwa huko Mombasa daraja la waenda kwa miguu lililoelea juu ya maji kutoka Liwatoni, ili kupunguza msongamano wa watu katika feri za Likoni wakati wa maradhi ya Korona. Kazi ile ilionyesha wazi kwamba umati wa watu waweza kutembea juu ya kitu kielealo, maadamu kimepimwa na kusimamiwa.

KWA NINI CHUMA HUELEA

Jambo hili laweza kujaribiwa Chepseon bila kwenda ziwani. Chukua mtungi wa plastiki wa lita 20, ufunge kifuniko imara, ukaushindilie ndani ya pipa kubwa la maji au katika bwawa la shamba. Utausukuma kwa nguvu, nao utakusukuma juu. Sababu ni kwamba mtungi umeondoa maji ya lita 20 mahali pake, na maji hayo yana uzito wa kilo 20. Maji hukisukuma juu kila kitu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyaondoa. Mtungi wenyewe una uzito wa kilo moja hivi. Kwa hiyo waweza kubeba kilo zipatazo 19 kabla haujazama wote.

Kwa kanuni iyo hiyo, kipande cha chuma huzama lakini sanduku la chuma lililo tupu huelea. Ni kanuni ile iliyoziwezesha meli za chuma, zilizoletwa Kisumu vipande vipande tangu mwanzo wa karne iliyopita na kuunganishwa huko, kubeba watu na shehena ziwani. Maji ya chumvi ni mazito kidogo kuliko ya ziwa. Hivyo gati lile lile likipelekwa Mombasa litaelea juu zaidi kidogo kuliko Kisumu.

HESABU YA GATI MOJA

Tuseme kijiji cha pwani ya ziwa chataka gati la dharura, urefu mita 12 na upana mita 5. Eneo lake ni mita za mraba 60. Swali la kwanza si bei. Swali la kwanza ni hili: siku ya hofu kuu, watu wangapi watasimama juu yake?

Mtu asijibu kwa idadi anayoitaka. Ajibu kwa idadi inayoweza kuenea, maana siku hiyo hakuna atakayehesabu. Watu waliosongamana wafika wanne katika kila mita ya mraba. Basi ni watu 240. Tukikadiria kilo 75 kwa kila mtu pamoja na mzigo mdogo, uzito wa umati ni kilo 18,000.

Wengi hufikiria kwanza mapipa matupu ya mafuta, kwa kuwa hupatikana kwa urahisi. Pipa la lita 200 hubeba kilo 180 hivi baada ya kuondoa uzito wake lenyewe. Lakini chini ya gati la ukubwa huo, mapipa yaliyolazwa mstari mmoja hayazidi 115 hivi. Yote pamoja yatabeba kilo 20,700. Sasa ongeza uzito wa mbao, boriti na vyuma vya kushikia, tuseme kilo 4,000, juu ya zile 18,000 za watu: jumla ni kilo 22,000. Gati la mapipa litazama likiwa na watu juu yake. Mapipa yafaa kwa wavuvi wachache na samaki wao. Kwa umati ni mtego.

Kwa sababu hiyo hutumika sanduku kubwa la bamba la chuma, au la zege nyepesi, lenye kina cha kutosha. Sanduku la mita 12 kwa 5, lenye kimo cha mita 1.2, pamoja na sakafu na vyuma vya ukingo, laweza kuwa na uzito wa kilo 15,000 hivi. Likiwa tupu litazama sentimita 25 tu. Kila watu wanane wakipanda, litashuka karibu sentimita moja. Watu 240 wakipanda litashuka sentimita 30 zaidi, na sakafu itabaki juu ya maji kwa sentimita 65. Nafasi hiyo iliyobaki si ubadhirifu. Ndiyo inayopokea mawimbi, na mtu wa mia mbili arobaini na moja.

Upana nao una kazi yake. Watu 120 wakikimbilia nusu moja ya gati la upana wa mita 5, litainama, lakini ukingo wake utabaki juu ya maji kwa karibu nusu mita. Gati lile lile likipunguzwa upana hadi mita 2 au 3, hali hubadilika kabisa. Watu waliosimama ni uzito ulio juu, na jukwaa jembamba lenye uzito juu hupinduka kama kijiti kinachosimamishwa majini. Kwa hiyo gati la kuokolea watu lisiwe jembamba ili kupunguza gharama ya chuma.

Mwisho, sanduku ligawanywe ndani kwa kuta za chuma, kwa mfano vyumba vinane, mistari miwili ya vyumba vinne. Kila chumba kiwe na kifuniko chake cha kufunguliwa na kukaguliwa. Mwamba au feri ikitoboa chumba kimoja, gati litainama upande huo, msimamizi ataliona, na watu wataondolewa. Lakini vyumba saba vitaendelea kulibeba.

KULIFUNGA LISICHUKULIWE

Gati laweza kushikwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni nguzo ndefu zilizopigwa chini ya ziwa, na pete kubwa za chuma zinazolizunguka kila nguzo. Pete hupanda na kushuka pamoja na gati. Nguzo zapasa kuwa ndefu kupita kimo cha juu kabisa cha maji kilichopata kuonekana, na zaidi. Nguzo ikiwa fupi, siku ya mafuriko pete zitatoka juu yake, na gati litakwenda zake.

Njia ya pili ni minyororo na nanga. Hii yafaa mahali penye matope mengi au kina kirefu. Mnyororo usiwe umenyooka wima. Hulazwa kwa urefu wa mara tatu hata tano ya kina cha maji, ili uvute nanga kwa ubavu na si kuing'oa juu. Wengine hutumia mawe ya zege badala ya nanga, na hapa watu hukosea mara nyingi. Jiwe la zege la tani moja, likitumbukizwa majini, hubaki na uzito wa karibu kilo 580 tu, kwa sababu maji hulibeba kwa kanuni ile ile ya mtungi. Mhesabu hana budi kutumia uzito wa majini.

Katika Ghuba ya Winam pana adui mwingine, nalo ni gugu maji. Mkeka wa gugu maji ukisukumwa na upepo huegemea minyororo kwa nguvu kubwa. Mwezi wa Aprili 2020 kisiwa cha mimea kilichoelea kiliziba mitambo ya umeme huko Jinja, na Uganda ikakosa umeme kwa muda. Kwa hiyo gati liwekwe mahali ambapo upepo haulundiki mimea, na mbele yake pawe na mstari wa maboya wa kuizuia.

Feri nayo isitegemee gati peke yake kujishikia. Yafaa ziwepo nguzo za pekee za kufungia feri, ili upepo unaoisukuma usivunje viungo vya gati. Ukingoni huwekwa matairi au mipira mizito ya kupokea kishindo. Nahodha akumbuke kwamba mwendo ukiongezeka maradufu, kishindo huongezeka mara nne.

DARAJA LA KUUNGANISHA NA NCHI KAVU

Daraja hili ndilo sehemu ambayo wachoraji wengi huifanya fupi mno. Lina bawaba upande wa nchi kavu, na magurudumu upande wa gati, ili lijisogeze maji yabadilikapo. Maji yakishuka sana, daraja huinama, na likiwa fupi hugeuka ngazi isiyopandika kwa machela, kwa mzee, au kwa mama mwenye mtoto mgongoni. Ili mwinamo usizidi mita moja kwa kila mita 8, mabadiliko ya maji ya mita 3 yahitaji daraja la mita 24.

Baharini hakuna njia ya kukwepa urefu huo, kwa kuwa maji hubadilika kila siku. Ziwani kuna nafuu. Kwa kuwa ziwa hupanda polepole, fundi aweza kujenga ufukoni vituo viwili au vitatu vya zege, kimoja juu ya kingine, na kuhamisha bawaba kutoka kituo hadi kituo kadiri ziwa linavyopanda au kushuka. Hivyo daraja fupi lafanya kazi ya daraja refu. Magati ya Kisumu, Mwanza na Port Bell, yaliyojengewa meli za kubeba mabehewa ya reli, yalitumia pia daraja la kuinuka na kushuka, ili reli ya nchi kavu ikutane sawasawa na reli ya melini.

Upana wa daraja usipungue mita moja na nusu, na pande zote mbili pawe na vyuma vya kushika. Kwa upana huo, watu kama 60 wanaweza kupita kwa dakika moja wasiposukumana. Yaani gati lililojaa watu 240 laweza kuondolewa watu wote kwa dakika nne. Wakisukumana, muda huo huwa mrefu, wala si mfupi.

SIKU YENYEWE

Gati jema bila usimamizi ni hatari mpya. Mambo machache yanatosha. Mlango wa juu ya daraja uwe na mtu anayehesabu, na idadi ya juu iandikwe kwa herufi kubwa katika lugha inayosomwa na wote. Njia ya wanaoshuka isiwe njia ya wanaopanda. Wanaongojea wangojee nchi kavu, si juu ya gati. Abiria wabaki wameketi mpaka feri ifungwe kwa kamba mbele na nyuma. Baada ya hapo washuke safu kwa safu. Pawe na taa isiyotegemea umeme wa mjini, kamba za kutupia, na ngazi za chuma zinazofika chini ya maji, ili aliyeanguka apande mwenyewe. Makoti ya kuokolea yawekwe mahali pasipofungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake uko kwa mtu aliyelala nyumbani.

KUJARIBU KABLA YA KUTUMIA

Gati jipya lisipokee watu kabla ya kupokea mzigo. Hujaribiwa kwa mifuko ya mchanga au mapipa ya maji yenye uzito sawa na umati wote, kwanza yakiwa yameenezwa, kisha yakiwa yamewekwa upande mmoja. Mistari hupakwa rangi ubavuni ili kuonyesha limeshuka kiasi gani, na yale yaliyoonekana hulinganishwa na hesabu. Gati likishuka kuliko ilivyohesabiwa, kuna chumba kinachovuja au kuna uzito uliosahauliwa. Baada ya hapo kila chumba kikaguliwe mara kwa mara, minyororo ipimwe unene wake, na rangi irudiwe kabla ya kutu kula bamba.

Kazi nyingi katika hizi si za bandari kubwa peke yake. Kuunga vyuma, kupasua mbao, kumimina zege na kupaka rangi ni kazi zinazojulikana katika kila mji mdogo wa Kericho na Bomet. Kinachopasa kutoka kwa mhandisi ni hesabu, mchoro na uamuzi wa mahali. Fundi asianze kukata bamba kabla ya kuvipata.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Mtu wa Chepseon atakapofika ufukoni na kuliona gati lielealo, anayo haki ya kuuliza maswali manne: Limeandikwa kubeba watu wangapi? Lina vyumba vingapi? Lilijaribiwa lini kwa mzigo kamili? Na nani anahesabu mlangoni? Msimamizi anayejua kazi yake atajibu yote manne bila kukunja uso. Asipoweza kujibu, ni afadhali abiria angojee juu ya nchi kavu, awaachie wengine nafasi, na kuuliza tena.